Jicho la Pili la Bi Mwanaheri

Nawaona nyinyi wauguzi wa leo mkimwambia mgonjwa, "Kesho unatoka," uso wake ukakunjuka na wenu ukakunjuka. Mimi neno hilo hadi leo likinifika masikioni hunitisha. Niliingia wodi ya wanawake nikiwa msichana wa kufagia na kuchemsha maji, nikatoka nikiwa mtu mzima mwenye funguo za kabati la dawa kiunoni. Katika miaka yote hiyo sikumwogopa mgonjwa anayeletwa akigumia. Huyo tunaye, tunamwona. Nikimwogopa yule aliyepata nafuu, kajitanda kanga yake nzuri, kakaa ukingoni mwa kitanda anangoja wenyewe waje wamchukue.

Siku zile, kabla ya vita vya Wajarumani, kumruhusu mgonjwa ilikuwa kazi ya kusimama mlangoni. Daktari wetu, Mzungu mrefu mwenye mkono mwepesi kama wa mshona kofia, alisema maneno yake kwa lugha yao. Karani akayatia Kiswahili kwa pumzi moja: "Usiiname, usibebe kizito, usijifikiche, ukiumwa urudi." Mgonjwa akajibu, "Naam." Karani akamgeukia daktari akamwambia kwamba bibi amefahamu.

Wanangu, nyinyi ni watu wa hapa hapa, mnajua. Mtu akiitwa na mkubwa wake huitika naam. Ni kuitika tu. Aweza kuitika naam na moyo wake uko njiani unawaza kuku wake.

Bi Mwanaheri wa Uroa aliitika naam namna hiyo.

Alikuwa mwalimu wa chuo, mjane, mwembamba, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. Watoto wa mtaa mzima kule Uroa, kijiji cha pwani mbali na mji, walisoma kwake Kurani, na mama zao walisoma kwake kabla yao. Macho yake yote mawili yaliingia mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaoziba mboni. Kwa muda akiwasomesha watoto kwa moyo tu, msahafu umefunguliwa mbele yake kwa heshima. Shemeji yake, Bwana Vuai, ndiye aliyesikia kwamba hospitali ya mjini Wazungu wanaondoa mtoto wa jicho, na ndiye aliyembembeleza mpaka akakubali kuja.

Daktari alianza na jicho la kulia. Nieleze kidogo, maana nyinyi mmekuta mambo mengine. Jicho likitiwa ganzi, likapasuliwa pembeni, mtoto akatolewa. Kidonda hakikushonwa. Kiliachwa kijishike chenyewe. Ndiyo sababu mgonjwa alilazwa chali, macho yote yamefungwa, vifuko vya mchanga huku na huku ya kichwa asije akageuka. Na hata akiinuka, kile kidonda kilikuwa bado kichanga. Akiinamisha kichwa au akipiga chafya kwa nguvu, huachana, na yaliyomo ndani ya jicho yakatoka nje.

Bi Mwanaheri alilala bila ya kutikisika. Alipofunguliwa aliona mkono wake. Akapelekwa mlangoni, akasomewa yale maneno, akaitika, akaenda zake.

Alirudi kashika bega la binti yake, Mize. Jicho lilikuwa limevimba na linatoka usaha. Daktari alilitazama, akaweka taa chini. Halikuwa tena jicho la kutibiwa.

Sista, mkuu wetu wa wodi, alikuja na kiti akakaa karibu yake. Kiswahili chake alikiokota sokoni, akizungumza kama anapatana bei ya samaki, lakini akijua kuuliza. "Bi Mwanaheri, ulifanya nini nyumbani?"

"Sikufanya kitu. Nlikaa kama mlivyonambia."

"Uliinama?"

"Hata kidogo. Kufagia anafagia Mize. Kuteka maji anateka Mize."

Mize akasema kwa sauti ndogo, "Mama, siku ile tulipofika..."

"Siku ile tulipofika nliuona mlango wa nyumba yangu," alisema Bi Mwanaheri. "Nikaingia ndani nikasujudu, nikamshukuru Mola wangu. Sijda ndefu. Nilipoinuka nlisikia kama mwiba."

Sista akanitazama mimi.

"Bi Mwalimu," nikamwambia, "si ulikatazwa kuinama?"

Alinigeuzia uso, na lile jicho likichuruzika. "Kuinama ni kwa kufagia, mwanangu. Kusujudu ni ibada. Nani aliniambia nisisujudu?"

Hakuna aliyemwambia. Na ule mwiba aliuvumilia, kwa sababu maisha yake yote alifundisha watoto kwamba mwenye kusubiri Mungu yuko naye. Alisubiri mpaka jicho likafa.

Likabaki la kushoto. Daktari hakutaka kuligusa. Alisema, na Sista akatueleza, kwamba jicho lenye mtoto bado huona mwanga, hujua mchana na usiku. Likipasuliwa likaharibika, hata hilo halipo. Bwana Vuai alikuja akasimama kwenye ukumbi, mtu wa kifua kipana, akasema shemeji yake anarudi Uroa na hapa hakanyagi tena. Bi Mwanaheri ndiye aliyekataa.

"Kujua mchana na usiku hata jogoo anajua," alisema. "Nataka kusoma."

Jicho la kushoto likapasuliwa. Jioni ile Sista aliniita chumba cha dawa.

"Tatu, huyu mama utamfundisha wewe. Karani simtaki. Na hatoki kwa sababu wewe umesema. Anatoka akishayasema yeye mwenyewe."

Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa mtoto wa mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa katika nyumba ya watu, nimejifunza Kurani kwa kusikia dirishani. Sasa niende nikamwambie mwalimu wa chuo namna ya kusali?

Nilianza mbali. Nilimwita Mize, nikamweka katikati ya wodi, nikamwambia anioneshe mama yake anavyoamka. Mwanzo aliona haya, maana wagonjwa wengine walikuwa wanatazama. Kisha akaingia mchezoni. Akaamka, akavaa makubadhi. Akaenda kwenye mlango, akainama.

"Simama hapo. Umeinama nini?"

"Mlango wetu mfupi. Makuti yameteremka."

Hilo peke yake lingeliua jicho kabla hata hajafika kitandani. Tukakubaliana: Bwana Vuai akate makuti ya mlangoni kabla ya mgonjwa kufika, na akikuta hayajakatwa apite akiwa amekunja magoti, kichwa kimenyooka. Mize akaendelea. Akachota maji mtungini, akainama. Akatawadha miguu, akainama. Akapuliza moto, na hapo nikaona mashavu yanavyojaa na macho yanavyotoka. Akaenda chooni, na bibi mmoja aliyekuwa na jipu mgongoni akacheka mpaka akaomba msaada, lakini hilo nalo ni jambo la kweli. Mwenye kujikamua chooni husukuma jicho vile vile. Nikamwambia Mize ampe mama yake papai bivu na maji ya kutosha kila siku.

"Na anaponusa ugoro?" akauliza Mize.

Kitandani Bi Mwanaheri, macho yamefungwa bandeji, akavuta pindo la kanga yake.

"Ugoro gani?" nikauliza.

"Ule wa kwenye pindo la kanga."

Nikaukuta kweli, umefungwa kifundo. Mwalimu wa chuo, na ugoro wake, mle mle hospitalini, na jicho limepasuliwa! Nikafikiria chafya moja ingefanya nini. "Bi Mwalimu, hiki nakichukua."

"Chukua," alisema. "Lakini usikinuse, kikali."

Kisha nikatafuta namna ya kumfanya asahau yale makatazo yote na akumbuke kitu kimoja. Nikamwambia: "Bi, tangu leo hadi daktari akuachie, jichukulie una mtungi kichwani umejaa maji pomoni. Ukitaka kuokota kitu, mwenye mtungi huokotaje?"

"Huchutama."

"Akiitwa kwa nyuma?"

"Hugeuka mwili mzima." Akatabasamu. "Hilo nalifahamu. Nimebeba mtungi kabla ya kujua alifu."

Likabaki lile nililoliogopa. Nikalingojea mpaka adhuhuri, wodi imetulia, nikakaa chini karibu na kitanda chake.

"Bi Mwalimu, nnataka kuuliza suala la dini."

"Uliza."

"Kuna mgonjwa hawezi kuinamisha kichwa. Atasali vipi?"

Sauti yake ikabadilika hapo hapo, ikawa ya chuoni. "Atasali amekaa. Akishindwa kukaa, amelala. Rukuu kwa ishara, na sijda kwa ishara. Dini si uzito."

"Na akiwa anaweza kuinama, lakini tabibu amesema akiinama atapofuka?"

"Huyo ni yule yule."

"Na akiona moyo wake hautulii mpaka aweke paji la uso chini?"

Nikadhani nimemuudhi, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Huyo," alisema, "atakuwa anautuliza moyo wake, hamtii Mola wake. Umenikamata, Tatu."

"Sikukukamata, Bi. Nimekuuliza kwa kuwa sijui."

"Wajua. Njoo, keti vizuri nikuoneshe." Akanifundisha sala ya mgonjwa kwa mikono na kwa sauti, na wanawake wa wodi nzima wakasikiliza. Wengi wao walikuwa wameacha kusali tangu kulazwa, wakidhani hawaruhusiwi. Tangu siku ile, adhuhuri ikifika, yeye ndiye akiwaongoza katika sala, mwenyewe yuko kitandani pake.

Nikamwambia na la mwisho. "Jino likiuma vumilia. Mgongo ukiuma vumilia. Jicho hili likichoma, likiwa jekundu, likitoa maji mazito, au mwanga ukikuumiza, usilivumilie hata kwa muda wa chai kuchemka. Utafanya nini?"

"Nitalala chali, nitamwambia Mize, Mize atamwita Vuai, Vuai atatafuta wachukuzi wa kitanda. Sitotia dawa yoyote. Nitakuja huku."

Nilimuuliza asubuhi, nikamuuliza jioni. Mize nilimuuliza peke yake. Daktari alipomruhusu hakwenda na punda, maana punda hutikisa. Walikuja vijana wa Uroa wakamchukua kwa kitanda, kafunikwa kanga kwa jua. Baadaye Mize alinihadithia kwamba njiani watu walisimama kwa huzuni, wakasema, "Inna lillahi," na sauti ikatoka chini ya kanga: "Bado!"

Sista alinipa ruhusa nimfuate baadaye nikamtazame. Nilipata nafasi katika gari la punda lililokuwa linakwenda shamba, na tangu tunatoka Mnazi Mmoja, hapo mjini, nilikuwa napanga maneno ya kumuuliza. Tulipokaribia Dunga, katikati ya njia ya Uroa, niliona watu wamekaa kando ya njia chini ya kivuli, na kitanda kimewekwa chini. Nikamtambua Mize kwa kanga yake. Nikaruka kabla gari halijasimama.

"Nini, Mize?"

"Mtoto wa chuo alimrukia mama kwa furaha, kichwa kikampiga hapa." Akagusa shavu chini ya jicho. "Akasema, mwiba umerudi. Hakungoja hata wachukuzi wavae mashati."

Bi Mwanaheri alilala chali, mikono kifuani, kichwa kimezuiliwa kwa vifuko vya mchanga ambavyo Mize alivishona mwenyewe. Sikumgusa bandeji. Nilitaka kusema, basi nyanyueni twende, lakini Bwana Vuai alisimama kati yangu na kitanda.

"Shikamoo, Bwana."

Hakuitikia. Mkononi alikuwa na kichupa cha maji ya kijani. "Hii ni dawa ya mganga wa macho. Majani yaliyokamuliwa na vitu vyake. Tangu Uroa nasema atiwe, hataki. Sasa weye upo, mwambie atiwe."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Huwezi." Sauti yake ilipanda, na wachukuzi wakaangalia chini. "Jicho la kwanza liliharibikia mikononi mwa nani?"

Wanangu, wakati ule ningeweza kusema ni yeye mwenyewe aliyesujudu. Ingekuwa rahisi.

"Mikononi mwetu, Bwana. Tulimsomea maneno, hatukumfundisha."

Hakutegemea jawabu hilo. Akashusha kichupa kidogo. "Na hili? Una hakika litapona?"

Nilimtazama Mize. Nilitazama ile bandeji, ambayo ilikuwa imelowa pembeni, na sikujua kama ni machozi au ni maji ya jicho lenyewe.

"Sina hakika," nikasema.

"Hana hakika!" Akawageukia wachukuzi. "Mmesikia? Na nyinyi mnataka kumbeba!" Mmoja wao alishainuka, akajipangusa mchanga, kama mtu anayejitayarisha kurudi kwao.

"Vuai," alisema Bi Mwanaheri. "Nipe hicho kichupa."

Mize alinishika mkono, akanibana. Vuai alipiga magoti akamtia shemeji yake kichupa mkononi, kwa upole, kwa sababu alimpenda, na hilo nalo lazima niliseme.

Alikipapasa. "Mganga amekwambia nini, nikitiwa na jicho likizidi kuuma?"

"Hakusema."

"Amekwambia nilale vipi?"

"Hakusema, shemeji. Ni dawa tu."

"Na huyu binti anakwambia hana hakika." Alivuta pumzi. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kila mtu aliisikia. "Mimi naogopa, Vuai. Naogopa kuliko mara ya kwanza. Lakini wale walinambia jicho laweza kuniharibikia, na likitaka kuniharibikia nifanye nini. Nimeshalala chali. Nimeshamwita Mize, nimeshakuita weye. Limebaki moja tu, na hilo siliwezi peke yangu. Ninyanyueni."

Akakifunga kichupa katika pindo la kanga, pale palipokuwa na ugoro wake.

Bwana Vuai alisimama palepale. Kisha akavua koti, akamsogeza yule kijana aliyetaka kurudi, akaingiza bega lake chini ya mguu wa kitanda. Nilikwenda kwa miguu ubavuni mwao mpaka mjini. Kila palipo na shimo nikawaambia wapunguze, na yeye Vuai akalirudia neno langu kwa sauti kubwa, kama amri yake mwenyewe.

Daktari alimfungua papo hapo. Nilishika taa, Sista akanishika kiwiko. Kidonda kilikuwa kimeanza kuachia pembeni. Kile cheusi cha ndani kimekuja kuchungulia, lakini hakijatoka. Daktari alifanya kazi yake pale pale, akatia dawa ya kutanua mboni, akafunga, akasema sasa ni kungoja.

Tulingoja. Alilala kama jiwe. Bwana Vuai alilala ukumbini juu ya mkeka, akakataa kwenda kwa jamaa zake wa Ng'ambo, hapo hapo mjini. Mize hakula kitu cha maana. Kila bandeji ilipobadilishwa nilinusa kitambaa kabla ya kukitazama, kwa kuwa usaha hujitangaza kwa harufu. Na kila nilipoona hakina kitu, sikuthubutu kufurahi.

Siku aliyofunguliwa kwa kutazamwa, daktari alimwekea kioo kizito mbele ya jicho. Watu wakasogea. Bi Mwanaheri alitazama mbele muda mrefu. Nikadhani haoni. Sista naye alidhani hivyo, maana aligeuka dirishani.

"Mize," alisema Bi Mwanaheri. "Mbona umekonda hivi?"

Mize alikaa chini sakafuni akalia.

Baada ya pale, Sista hakumruhusu tena mgonjwa wa macho kutoka bila mtu wa nyumbani kuja kuonesha mlango wao ulivyo, jiko lilivyo, na nani atamwita nani. Daktari mwenyewe alikuwa akija kusimama pembeni, akasikiliza. Bi Mwanaheri alipewa miwani mizito kama vitako vya chupa, akasoma msahafu wake nayo mpaka alipokufa, miaka mingi mbele. Nyinyi mtapata vifaa ambavyo sisi hatukuviota. Lakini mgonjwa atakwenda kwake vile vile, kwenye mlango wake mfupi na watu wake wanaompenda na vichupa vyao. Nendeni naye kwa fikra kabla hajakwenda kwa miguu.

Msimu mmoja wa kaskazi katika miaka hiyo, mimi nimeshakuwa mkubwa wa wodi, niliitwa ukumbini. Bwana Vuai amesimama, nywele zimekuwa nyeupe, mboni zake mbili nyeupe vile vile, amekunja uso kama aliyeletwa kwa nguvu. Bi Mwanaheri alikuwa amemshika mkono.

"Nimekuletea mwanafunzi mkaidi," aliniambia. "Daktari ampasue. Kumfundisha, niachieni mimi."